Nimesoma «Le Pendu de Saint-Pholien»: nani alibeba mzigo wa wote?



Kuna wale mlisema hapa tunaandika mno juu ya siasa na juu ya kukosa kazi, mkaomba mara moja tupumzike na kitabu cha kawaida. Sawa. Leo nimeleta kitabu cha upelelezi, tena kifupi, kile ambacho mtu anamaliza kwa usiku mbili. Ila ninawaonya mapema: nitasema mwisho wake. Siwezi kueleza kilichonishika bila kufika mwisho. Asiyetaka kuharibiwa utamu, akisome kwanza, arudi kesho. Kitabu hakikimbii.

Nilikinunua Nyawera, kwa mzee mmoja anayepanga vitabu vya zamani chini, juu ya shitingi. Wengi wetu tulikutana na Georges Simenon vile vile: kitabu kidogo cha mfukoni, karatasi zimekuwa za njano, ganda limepasuka, komisari Maigret na kiko chake. Mimi nilikuwa nimesoma vitatu ao vinne nikiwa sekondari, juu ya kujifunza Kifaransa. Prof wetu wa Kifaransa alikuwa anatuambia tusome Simenon kwa sababu sentensi zake ni fupi na maneno yake ni ya kila siku. Ni kweli. Hata yule anayeogopa Kifaransa cha vitabu vikubwa anaweza kumuingia Simenon bila kamusi.

Kwa wale hawamjui: Simenon ni Mbelgiji, alizaliwa Liège mwaka 1903, akafariki 1989. Ameandika riwaya 75 za Maigret, pamoja na hadithi fupi 28, na vitabu vingine vingi ambavyo Maigret hayumo. «Le Pendu de Saint-Pholien», yaani yule aliyenyongwa wa Saint-Pholien, ni kati ya vitabu viwili vya kwanza vilivyotolewa kwa kelele kubwa mwezi wa pili 1931. Walifanya sherehe ya usiku mzima Montparnasse, kule Paris, na wageni waliwekwa alama za vidole mlangoni sawa wafungwa. Huyu bwana alijua kuuza! Lakini kitabu chenyewe hakina sherehe. Ni kitabu cha mvua, cha treni, na cha watu wanaoogopa.

Sasa hadithi. Maigret ameenda Brussels kwa kazi ya kipolisi. Amebaki na saa za bure. Katika kafe anaona mtu mmoja amevaa nguo za kuchakaa, anahesabu noti za franga elfu, thelathini. Yule mtu anazifunga kama magazeti, anaenda kuzituma kwa posta ya kawaida. Maigret anajiuliza: fukara kama huyu anatoa wapi franga 30 000, na kwa nini anazituma ovyo vile? Hakuna mtu amemtuma amfuate. Anamfuata tu. Mtu yule ananunua valizi ya bei ndogo. Maigret naye ananunua inayofanana. Kwenye mpaka wa Uholanzi na Ujerumani, anabadilisha valizi. Wanafika Bremen, kila mmoja anachukua chumba, ukuta ni mmoja. Mtu anafungua valizi, anakuta si yake. Anahangaika kama mtu aliyepotezewa mtoto. Kisha anajipiga risasi.

Kitabu bado hakijaenda mbali, na mtu wa kwanza mwenye kosa ni komisari mwenyewe. Ndani ya valizi ya kweli, ile Maigret alichukua, kuna nini? Nguo za zamani za mwanaume, zina damu, na hata si kipimo cha marehemu. Njo hizo tu. Mtu amekufa juu ya suti ya zamani.

Hapa ndipo Simenon alinikamata. Tumezoea mpelelezi ambaye mikono yake ni safi. Sherlock Holmes anakuja na kioo chake, anachungulia majivu ya sigara, anatupa jibu, anaenda zake. Wale wanaosoma Kiswahili cha Zanzibar wanamjua Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ambaye naye anavuta kiko. Yeye na rafiki yake Najum wanatuongoza polepole mpaka siri inafunguka, na sisi wasomaji tunapiga makofi juu ya akili yake. Maigret pia ana kiko, lakini katika kitabu hiki hatumpigii makofi. Anatafuta ukweli kwa sababu ana deni. Angeacha ile valizi, yule mtu pengine angekuwa hai. Kila hatua anayopiga, Bremen, Reims, Paris, Liège, ni hatua ya mtu anayetaka kujua amemuua nani.

Polepole wanatokea wengine. Van Damme, mfanyabiashara wa Bremen, mchangamfu kupita kiasi, anataka kumlipia Maigret chakula na vinywaji. Belloir, mkubwa katika benki kule Reims, nyumba nzuri, bibi, mtoto. Janin, mchongaji wa sanamu Paris. Lombard, fundi wa kuchonga picha za kuchapia kule Liège, ambaye bibi yake amejifungua mtoto wa tatu siku hizo hizo. Watu wa heshima. Wote wanatoka Liège, wote walikuwa pamoja ujanani, na wote wanatetemeka wakisikia jina la marehemu. Kwa Lombard, Maigret anaangalia ukutani, anaona michoro ya zamani: watu walionyongwa, wengi, kila mahali. Mmoja ananing'inia kwenye kanisa.

Kumbe miaka kumi nyuma walikuwa kikundi cha vijana, wanafunzi na wachoraji. Walikuwa na chumba kimoja kibovu nyuma ya kanisa la Saint-Pholien. Walijipa jina kubwa: Wenzi wa Apokalipsi. Walikunywa, walisoma, walibishana mpaka asubuhi juu ya Mungu, juu ya mapinduzi, juu ya kuua: mtu mwenye akili kubwa, je, sheria ya watu wadogo inamfunga? Mnacheka? Mimi sikucheka. Nani kati yetu hakupita katika chumba kama kile? Godoro chini, silabisi za kuazima, bidoni ya maji, na sisi sita tunapanga upya dunia nzima wakati hata pesa ya minervali hatujalipa.

Usiku mmoja wa Noeli, maneno yakawa kitendo. Klein, mchoraji fukara kuliko wote, akamchoma kisu Willy Mortier, mtoto wa tajiri ambaye alikuwa anawadharau. Klein alianza, wengine hawakukimbia kuita watu. Walimaliza pamoja, wakatupa maiti ndani ya mto Meuse uliokuwa umejaa, na mto ukabeba. Baada ya miezi mbili Klein alijinyonga kwenye mlango wa kanisa. Wengine wakatawanyika, wakatafuta kazi, wakaoa, wakanenepa.

Isipokuwa mmoja: Jean Lecocq d'Arneville. Huyu aliacha masomo, akabadilisha jina, akawa kibarua, akaanza kunywa. Alioa, akazaa, akashindwa kukaa nyumbani. Alikuwa amechunga ile suti yenye damu. Siku moja akaanza kuwadai wenzake pesa: leteni, ama nitaonyesha. Nao wakaleta, mwaka baada ya mwaka, mpaka wengine wakaanza kufilisika. Na yeye pesa zile anazifanyia nini? Anazichoma. Anabaki na viatu vilivyotoboka, anachoma noti za elfu.

Nataka tusimame hapa, maana kwa maoni yangu kitabu chote kiko hapa. Kwa polisi wa kawaida huyu ni mwizi wa vitisho, basi. Lakini mwizi hachomi pesa. Lecocq hakutaka kupata. Alitaka wale wengine wapoteze. Alikuwa ameona kwamba kitendo walikifanya watu wengi lakini usingizi umemkosa mtu mmoja. Kila franga iliyotoka mfukoni mwa Belloir ilikuwa njia ya kumwambia: weye pia ulikuwepo. Swali la riwaya nyingi za upelelezi ni «nani aliua?» Hapa jibu la swali hilo ni rahisi: Klein, na Klein amekufa. Swali la kweli ni lingine: kitu tulichofanya wote, kwa nini anakibeba mmoja?

Watu walioandika juu ya maisha ya Simenon wanasema hakutoa haya yote kichwani tu. Akiwa kijana Liège alikaa na kikundi cha wasanii walioitwa La Caque, yaani pipa la kupangia samaki, kwa vile walibanana ndani ya chumba chao. Sisi wa Bukavu tungesema kama sambaza. Na mwaka 1922 mmoja wao, Joseph Kleine, alikutwa amekufa, ananing'inia kwenye mlango wa kanisa la Saint-Pholien. Katika riwaya Simenon hakuhangaika hata kubadilisha jina: alitoa herufi moja tu mwishoni. Mimi ninaona hapo mtu ambaye naye alikuwa na kitu cha kulipa. Mwaka mmoja baada ya kitabu hiki, 1932, alizunguka Afrika, akapita pia katika Kongo ya Wabelgiji, na aliporudi aliandika katika gazeti la Voilà makala makali juu ya ukoloni. Si kwamba alikuwa mtakatifu. Lakini alikuwa na jicho kwa watu wa heshima wanaonyamaza pamoja.

Sasa mwisho. Maigret amejua yote. Wenye kosa wako mbele yake, wanangoja pingu. Na sheria ina tarehe: baada ya miaka kumi kosa linakufa, kile wanafunzi wa sheria wanaita preskripsio. Umebaki mwezi mmoja tu. Maigret anaweza kuwafunga leo. Anafikiria watoto: wale wa Lombard, wa Belloir, na yule mdogo wa marehemu. Anaondoka. Anaacha ule mwezi upite. Baadaye anatania kwamba akipata kesi nyingi za namna hii ataacha kazi, maana itaonekana Mungu mwenyewe anafanya upolisi kule juu.

Wengi wanasifu mwisho huu: tazama komisari mwenye moyo! Na mimi mara ya kwanza nililia kidogo, siwafichi. Mara ya pili nilikasirika. Sababu ziko tatu.

Ya kwanza: Mortier. Simenon amemfanya mbaya makusudi, tajiri wa dharau, ili kifo chake kisituume. Hofu ya waliomuua ina uzito mkubwa kuliko maisha yake. Kama Mortier angekuwa kijana mpole, mama yake anangoja mlangoni, je, Maigret angeweza kuondoka na kiko chake vile?

Ya pili: mama mjane wa Lecocq, mwenye duka la majani ya dawa kule Paris. Huyu aliolewa na jina la uongo, akaachwa bila kuelezwa. Wanawake wa kitabu hiki kwa jumla wamewekwa pembeni: mmoja anajifungua, mmoja analia, mmoja anapika. Msamaha umegawanywa kati ya wanaume, na waliolipa gharama hawakuulizwa.

Ya tatu inatoka kwetu. Msomaji wa Kivu hawezi kusoma «miaka kumi imepita, tuache» kwa moyo baridi. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa ilitoka 2010, ikahesabu matukio makubwa 617 ya kati ya 1993 na 2003. Miaka kumi ilipita, ikapita tena. Sheria ya kimataifa inasema makosa kama yale hayana preskripsio, lakini sisi tunajua namna wakati unavyofanya kazi yake polepole: shahidi anakufa, mwenye kosa anapata cheo, watoto wake wanasoma shule nzuri, na mtu anatuambia tufikirie watoto. Sisemi vijana wa Liège ni sawa na wale. Nasema tu huruma ya Maigret ni ya mtu ambaye kwake makaburi ni machache.

Lakini pia, na hii njo inafanya kitabu kiwe kikubwa, Maigret hakuondoka kwa sababu yeye ni mwema. Aliondoka kwa sababu yule wa Bremen alikuwa wake. Mtu aliyebadilisha valizi hawezi kuwaambia wengine: miye nina mikono safi. Simenon hasemi hilo kwa sauti. Anakuachia weye ulione.

Nilisema nitaandika juu ya kitabu, na nimeandika. Ila nikiishia hapa nitakuwa kama Van Damme, mchangamfu na muongo.

Nilipokuwa graduat ya tatu tulikuwa sita ndani ya nyumba moja. Maswali ya mtihani mmoja yalikuwa yanauzwa. Tulichanga, kila mmoja sehemu yake, tukanunua. Mmoja wetu njo alienda kuyachukua, juu alikuwa na miguu myepesi. Alikamatwa nayo mfukoni. Walimuuliza: nani wengine? Akasema yuko peke yake. Akafukuzwa. Sisi watano tulikaa usiku ule ndani ya chumba, tukaapa, na mtihani mwingine tulipowekewa tukafanya, tukapita. Mimi nilipata distinksio. Hiyo diploma iko kwetu ukutani, ndani ya kioo. Ni miaka tisa sasa.

Yeye hajachunga suti yoyote. Hajatudai hata franga moja. Nilipomaliza kitabu mara ya pili nilitafuta namba yake siku mbili, nikampigia. Anauza mafuta kwa chupa, kando ya barabara, njia ya Uvira. Akaniuliza: «Batoto beko muzuri?» Nikasema ndiyo. Nikaanza kuzunguka, naongea juu ya mvua, juu ya bei ya dola. Akanikata: «Nilijuaka siku moja mumoja wenu atapiga. Nilizaniaka atakuwa mwengine.»

Nikamuuliza nifanye nini, kama kuna kitu anahitaji. Nilikuwa nimeshatayarisha pesa kwenye simu, ninawaambia ukweli. Akasema: «Ile pesa uache. Enda umuambie mama. Miye nilimuambiaka tulikuwa sita, akaniambia natafuta wa kubeba naye aibu. Weye atakuamini, uko na diploma.»

Hapo ndipo nilielewa Lecocq vizuri. Nilikuwa nafikiri anachoma pesa juu ya uchungu. Sasa naona: alichoma kwa sababu pesa ilikuwa njia nyepesi ya wale wengine kulipa, na yeye alitaka walipe kwa kile kinachouma.

Kwa hiyo, hukumu yangu juu ya kitabu. Kina kasoro: mambo mengi yanategemea bahati, Van Damme anatokea kila mahali mpaka inachosha, na mwisho unafunguliwa kwa maungamo marefu ndani ya chumba kimoja, wakati sehemu ya kwanza ilitembea kwa vitendo. Anayetaka Maigret aliyekomaa zaidi asome pia «Le Chien jaune», ya mwaka huo huo, ao «Maigret et la jeune morte» ya 1954. Lakini kwa mtu mwenye diploma, ao anayeitafuta, sijui riwaya nyingine ya upelelezi inayomhusu kuliko hii. Inaeleza kitu ambacho shule haitufundishi: kikundi kinaweza kuapa pamoja, lakini kiapo hakigawanyi mzigo. Kinamuachia yule aliye dhaifu, ao yule aliye mwaminifu.

Wale wanne wengine wanasoma ukurasa huu, nawajua, wengine ni viongozi katika chama chetu. Sitataja jina la mtu. Sina valizi. Jumapili hii, baada ya misa, ninaenda kwa mama yake, kule Kadutu, na nitabeba ile diploma ili anione vizuri. Yule atakayetaka tuende pamoja, namba yangu haijabadilika.